Injini Ikitetemeka, Usianze na Mfuko



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu sitasema juu ya malezi wala juu ya mirathi, mambo mliyozoea kuyasoma katika ukurasa huu. Nitasema juu ya gari. Huenda baadhi yenu mtacheka na kuuliza, "Mwalimu wa chuo ameyajulia wapi mambo ya injini?" Mna haki ya kucheka. Lakini gari siku hizi limekuwa kama mmoja wa watu wa nyumba. Ndilo linalopeleka watoto shule na mgonjwa hospitali, na ndilo linalobeba jamaa kwenda harusini na mazikoni. Likiugua, mfuko wa nyumba nzima huugua pamoja nalo. Nami limenifika jambo lililonigharimu fedha, tena karibu limgharimu mtu mwingine heshima yake, ambayo ni ghali kuliko fedha.

Nina gari dogo la Toyota, lililotumika Japani kabla ya kuja kwetu. Injini yake ina silinda 4, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,298. Mafundi huiita 2NZ, na wanaijua vizuri kwa kuwa magari ya namna hii ni mengi mitaani mwetu. Siku moja ya masika nilitoka Kariakoo kurudi nyumbani Magomeni, nikapita Jangwani maji yakiwa yamekwisha kupungua lakini tope limejaa njiani. Kesho yake nikampa kijana aoshe gari, nikamwambia asiisahau injini. Akafungua boneti, akaielekeza bomba la maji ya nguvu mpaka ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikamshukuru, nikampa na ya juu.

Siku ya pili yake, nilipokuwa nimesimama penye taa za Magomeni, gari likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi. Nikikanyaga mafuta lilisita kwanza, kisha likaondoka kwa kujivuta. Taa ya manjano yenye picha ya injini ikawaka mbele yangu.

Sasa sikilizeni kosa langu. Wiki mbili kabla ya hapo, kijana mmoja fundi wa mtaani kwetu alikuwa amenibadilishia plagi. Basi baada ya sala ya Alasiri nikaketi barazani, nikasema mbele ya watu, "Kijana yule amenitilia plagi kuukuu." Sikuwa nimefungua boneti wala kutazama lolote. Neno likatoka, na neno likitoka halirudi. Haikupita siku mbili nikasikia kwamba watu wawili wamehamisha magari yao kwake.

Nikapeleka gari kwa fundi mwingine. Huyu alilisikiliza kwa kitambo kidogo tu, akasema ni pampu ya mafuta. Nikanunua pampu, gari likaendelea kutetemeka. Akasema ni injekta, zisafishwe. Zikasafishwa, hali ikawa ile ile. Siku ya tatu akasema, "Mwalimu, injini hii imekwisha. Twende Gerezani tukatafute nyingine." Fedha zilizokuwa nyumbani zilikuwa ni ada ya binti yetu, nami nilikwisha kuzitoa sandukuni. Hapo mama watoto akaniambia, "Baba watoto, mgonjwa akifika kwa tabibu huulizwa maradhi yalianza lini. Gari hili nani ameliuliza?"

Maneno yale yaliniingia. Nikarudisha fedha sandukuni, nikamwendea yule kijana wa kwanza, nami uso wangu nauona mzito. Akanipokea, "Shikamoo mwalimu," wala hakutaja lolote la baraza. Akaniuliza mambo matatu tu. "Lilianza lini? Hutetemeka likiwa baridi au likiwa moto, limesimama au linakwenda? Na kabla ya kuanza, gari lilifanyiwa nini?" Kwa swali la tatu nikakumbuka yale maji.

Akazima injini, akafungua kifuniko cha plastiki juu yake, akang'oa koili zote nne kwa spana namba 10. Koili ya silinda ya tatu ikatoka imelowa, na mpira wake umepata ufa. Akakausha tundu la plagi na koili yenyewe, akazirudisha, lakini ile ya tatu akaitia mahali pa ile ya pili. Kabla ya hapo chombo chake cha kusomea hitilafu kilionyesha P0303, maana yake silinda ya tatu haiwaki sawasawa. Akaifuta alama ile, akawasha tena. Tetemeko likabaki, na chombo kikaonyesha P0302. Akacheka, "Mwalimu, ugonjwa umehama pamoja na koili." Ikanunuliwa koili moja, na gari likatulia. Plagi zake zilikuwa mpya, kama alivyoniambia siku ile ya kwanza.

Basi nimeona niwaandikie niliyojifunza kwake, ili nyumba nyingine isifike nilipofika mimi.

Kwanza yapasa kujua injini ya petroli inaishije. Yahitaji vitu vitatu: hewa na mafuta kwa kipimo kinachofaa, cheche ya moto kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Kipimo cha hewa na mafuta ni karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Gari likiwa limesimama huku linaunguruma, hali ambayo mafundi wetu huiita sailensa, injini aghalabu huzunguka mara 600 hadi 800 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Tukisema mizunguko ni 700, basi silinda iliyokufa hukosa kuwaka mara 350 kwa dakika moja. Ndiyo maana gari hutetemeka, na mafundi husema "linamisi." Kazi yetu ni kutafuta ni kipi katika vile vitatu kilichopungua, na kuanza na kile ambacho kukitazama hakugharimu kitu.

La kwanza, uliza na uandike. Chukua daftari la mtoto, andika maswali yale matatu na majibu yake. Kama tetemeko lilianza baada ya kuosha injini au kupita majini, tazama umeme wa plagi. Kama lilianza baada ya kujaza mafuta kituo fulani, shuku mafuta. Kama lilianza baada ya fundi kufungua kitu, rudi pale pale alipofungua, kwani huenda mpira au waya haukurudishwa mahali pake.

La pili, tazama na sikiliza. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, kagua mipira yote inayopeleka hewa, hasa ule mpana utokao kwenye filta ya hewa. Ukipasuka au kifungo chake kikilegea, hewa isiyopimwa huingia, mchanganyiko hukosa mafuta, na gari husumbua zaidi likiwa sailensa. Aghalabu utasikia mlio mwembamba kama nyoka afokaye. Tazama na filta yenyewe. Katika vumbi la mji wetu hujaa upesi. Onyo: wako wanaopuliza petroli juu ya mipira ili kutafuta ufa. Msifanye hivyo, kwani ni kuita moto ndani ya nyumba.

La tatu, plagi na koili. Injini ipoe kwanza. Plagi husema yaliyomo ndani ya silinda. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, ni nzima. Ikiwa na masizi makavu meusi, mafuta yamezidi au cheche ni dhaifu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, huenda mafuta yamepungua au joto limezidi. Ikiwa imelowa oili, basi oili inapenya ndani, na hilo ni la fundi. Plagi za kawaida huhitaji kubadilishwa baada ya kilometa 20,000 hadi 30,000 hivi, na zile za iridiamu huweza kudumu hadi karibu kilometa 100,000, zikiwa ni za kweli. Sokoni ziko za bandia zenye maboksi mazuri. Nunua kwa muuzaji atakayekupa risiti, ambaye ukirudi kwake kesho utamkuta.

Koili nazo hujaribiwa kwa kuhamisha, kama alivyofanya kijana wetu. Tetemeko likihama, koili ndiyo mbovu. Likibaki silinda ile ile, koili haina hatia. Sasa hamisha plagi ukatazame. Na jambo kubwa ni hili: badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na gari likapona, hutajua kipi kilichoponya, nawe umelipia viwili bure.

La nne, soma hitilafu. Magari mengi ya siku hizi yana tundu la kuchomekea chombo, aghalabu chini ya dashibodi upande wa dereva. P0300 maana yake silinda zinakosa kuwaka ovyo ovyo, bila kuwa moja maalumu. P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe. P0171 husema mafuta ni machache kuliko hewa. Lakini chombo hutaja silinda iliyougua, hakitaji iliugua kwa nini. Wako watu husomewa P0303 wakaambiwa wanunue injekta papo hapo. Hiyo ni bahati nasibu.

La tano, mafuta. Hapo zamani uchanganyaji wa mafuta ya taa ulitusumbua sana. EWURA ilianza kuyatia mafuta alama mwaka 2010 ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa hiyo. Hata hivyo maji na uchafu huweza kuingia katika tangi lolote. Ukishuku, weka risiti ya kituo, na uwe na ushahidi kabla ya kulalamika. Pampu na injekta hufuata hapa, baada ya fundi kupima nguvu ya mafuta kwa geji, si kabla.

Sasa, ni wapi uache na umwite fundi? Taa ya injini ikiwa inamweka-mweka badala ya kutulia, punguza mwendo na usimame mahali pa salama; mafuta yasiyowaka huenda kuungulia katika bomba la moshi na kuharibu kichujio chake. Maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja, moshi mweupe ukitoka hata injini ikiwa moto, au oili ikiwa na povu kama maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi na usiliendeshe gari. Gari likiwa na silinda moja iliyokufa, na koili, plagi na injekta ni nzima, mwombe fundi apime mgandamizo kabla hujasikia neno la kununua injini. Na enyi vijana, msifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto, msipeleke vidole karibu na feni, wala msiliunguruze gari ndani ya banda lililofungwa, kwani katika moshi wake mna gesi inayoua bila harufu ya kukuonya.

Kwa mafundi nina neno moja. Mtu akikuletea gari, anakuletea ada ya mwanawe na chakula cha wiki yake. Kusema "sijui, nipe muda nipime" si aibu. Aibu ni kupima kwa mfuko wa mwenzako. Na wewe unayetaka kuuza gari linalotetemeka, mweleze mnunuzi kinachoumwa kabla hajatoa fedha, hata bei ikishuka.

Nami nililokuwa nadaiwa si koili tu. Ijumaa iliyofuata nilirudi barazani, pale pale nilipoketi siku ile, nikasubiri mpaka wakatimia wale walionisikia. Nikasema, "Lile neno langu juu ya kijana fundi lilikuwa uongo. Plagi zake ni nzima. Mwenye kosa ni mimi na maji yangu." Mzee mmoja akacheka, mwingine akainamisha kichwa. Kisha nikawaendea wale wawili waliohamisha magari yao, mmoja mmoja, nikawaambia vivyo hivyo. Mmoja amekwisha kurudi kwake. Wa pili hajarudi bado, nami kila nikilipita gari lake limeegeshwa kwa fundi mwingine, najua kwamba koili ilipona siku moja, lakini neno langu bado linatembea.

Basi gari likitetemeka, liulizeni gari kwanza. Wassalaam.