Watakatifu wasiovaa kanzu

MUUMINI wa Otonglo, sokoni kando ya barabara itokayo Kisumu kuelekea Maseno na Busia, akitajiwa watakatifu huwazia mapadre na watawa. Wala si ajabu. Majina ambayo Kanisa Katoliki nchini limeyatanguliza ni ya watu wa aina hiyo: Sista Irene Stefani, mmisionari Mwitaliano aliyetangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri mwaka 2015, na Kadinali Maurice Otunga.

Ndiposa kisa cha Floribert Bwana Chui wa Goma kinastahili kutafakariwa huku kwetu. Alikuwa mlei, mwanachama wa jumuiya ya Sant'Egidio, na riziki yake aliipata katika shirika la serikali linalokagua bidhaa zinazoingia Kongo. Mnamo 2007 alikataa mlungula uliokusudiwa kumfanya aruhusu shehena ya chakula kilichoharibika ipite mpakani. Alitekwa nyara, akateswa na kuuawa Julai mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 26. Juni 15, 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma. Kilichomponza ni muhuri na saini, vitu ambavyo karani yeyote wa forodha huvishika kila siku. Nao ambao wangekula chakula kile hakuwajua hata kwa sura.

Malori yanayopita Otonglo yakielekea Busia hukutana na maswali yayo hayo.

Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi Philip Anyolo, ambaye awali aliliongoza Jimbo Kuu la Kisumu, aliamuru mchango ambao Rais William Ruto aliutoa katika kanisa la Soweto urejeshwe. Ulikuwa uamuzi wa busara. Hata hivyo, askofu anayerudisha fedha ana taasisi nzima nyuma yake. Karani anayezikataa yu peke yake, na kodi ya nyumba inamngoja.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kwamba wabatizwa wote wameitiwa utakatifu. Maaskofu wa Afrika Mashariki nao, mwaka 1976, walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Mafundisho basi yapo. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana waliouawa Paimol, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1918, walitangazwa Wenye Heri mwaka 2002, kwa kuwa wamisionari waliwakumbuka na kuandika habari zao. Sista huwa na shirika lake la kumtafutia mashahidi na kuugharimia mchakato. Mchuuzi wa samaki ana jumuiya yake tu.

Kwa kawaida, miaka mitano sharti ipite tangu kifo kabla ya askofu wa mahali kuanzisha uchunguzi. Wanaohojiwa ni wale waliomjua marehemu: majirani, wafanyakazi wenzake, hata waliomdai.