BARAZA LA MWALIMU: Kasha la Besi



Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na maelezo ya methali za wavuvi. Tunaomba radhi kwa kuvunja ahadi. Limetokea jambo nyumbani kwetu ambalo, kwa maoni yetu, lina manufaa kwa kila mzazi mwenye kijana, nalo ni habari ya kasha la mbao.

Mjukuu wetu ana umri wa miaka 17. Amezaliwa katika mji huu huu wa Uingereza, na Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi kuliko cha kusema. Bibi yake akimsemesha kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yao yamekwenda hivyo kwa miaka mingi, kama watu wanaoitana kila mmoja akiwa ng'ambo yake ya mto. Miaka miwili iliyopita alianza kujifunza gitaa la besi. Yeye na wenzake watatu wakajitia katika kupiga taarab walizozikuta kwenye kanda za wazee wao. Sisi tulifurahi kimoyomoyo, tukanyamaza, kwani tunajua kijana akisifiwa mno huacha.

Basi ikaja harusi ya jamaa, vijana wakaombwa wapige nyimbo tatu. Mjukuu wetu hakuwa na spika ya kazi hiyo, akaliunganisha gitaa na spika ya redio ya sebuleni kwa kupitia amplifaya ya kuazima. Wimbo wa pili haujafika kati, spika ikaanza kukwaruza kama bati linaloburuzwa juu ya mawe, kisha ikazimika kabisa. Wageni wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kijana wa umri ule hapambanui kicheko na kicheko. Aliondoka ukumbini kabla ya biriani kuletwa, na gitaa likakaa chini ya kitanda kwa wiki tatu.

Wiki ya nne alitujia kuomba fedha za kununua kasha la spika dukani. Bei aliyoitaja ilizidi matumizi ya chakula ya nyumba nzima kwa mwezi. Tukamjibu: "Fedha hizo hatuna, lakini mbao tutapata. Njoo tulitengeneze wenyewe." Tukamwekea sharti moja tu, kwamba ndani ya banda la bustani, muda wote wa kazi, lugha ni Kiswahili. Asiyejua neno aulize. Aliguna, akakubali.

Tunajua kuwa wamo miongoni mwenu wasioona vyema kuupa muziki wa ala nafasi katika barua kama hii. Wanavyuoni wamehitilafiana katika suala hilo tangu zamani, na sisi si watu wa kutoa fatwa. Asiyependa muziki na aisome makala hii kama somo la useremala na fizikia, kwani ndiyo tuliyoifundisha skuli maisha yetu yote ya kazi.

Tuanze na swali alilouliza kijana mwenyewe: "Babu, kwa nini spika lazima iwe na kasha?" Hatukumjibu kwa maneno. Tuliweka spika tupu juu ya meza na kupiga uzi mnene kwa sauti ya chini. Sauti ikatoka nyembamba kama ya mbu. Kisha tukakata tundu katika karatasi ngumu ya boksi la jokofu, tukaikandamiza spika kwenye tundu hilo, na papo hapo besi ikatokeza. Hakuna umeme ulioongezwa. Sababu ni kwamba koni ya spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake huivuta. Mawimbi hayo mawili yakikutana huuana. Uzi mnene wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Unaofuata mara 55, wa tatu mara 73, na mwembamba mara 98. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, basi wimbi moja la uzi ule mnene lina urefu wa zaidi ya mita 8. Kwa wimbi refu namna hiyo, spika ya inchi 12 ni kama kijiti baharini: hulizunguka bila taabu. Kazi ya kwanza ya kasha, kwa hiyo, ni kutenganisha hewa ya mbele na hewa ya nyuma.

Hapo pia akaelewa kwa nini ile ya sebuleni ilikufa. Ili koni ndogo itoe sauti nzito, lazima iende mbele na nyuma masafa makubwa. Muziki wa kanda umekwisha kusawazishwa na mafundi, lakini uzi unaovutwa kwa kidole hutoa pigo la ghafla. Koni ilisukumwa kupita mpaka wake ikararuka. Kosa, basi, halikuwa la vidole vyake, na tulihakikisha amelisikia neno hilo mara mbili.

Besi katika taarab si jambo la jana. Vikundi vikubwa vya Unguja vilipiga besi ile kubwa ya kusimama, inayokokotwa kwa vidole. Gitaa la besi la umeme lilipata umaarufu baada ya Leo Fender wa California kuuza lake la kwanza mwaka 1951, na vikundi vya Tanga kama Black Star na Lucky Star vililitumia katika taarab yao. Kijana hakuyajua hayo. Alidhani ni yeye na wenzake walioanza.

Makasha yako ya namna mbili. La kwanza limezibwa pande zote, na hewa iliyo ndani hufanya kazi ya springi, ikiirudisha koni kila inapotaka kwenda mbali. La pili lina tundu au bomba fupi, nalo huvuma kama chupa inayopulizwa mdomoni. Mvumo huo huisaidia spika katika sauti za chini. La pili hutoa sauti zaidi, lakini hesabu yake ni kali. Bomba likikosewa urefu, mvumo huangukia pasipotakiwa, na chini ya mvumo huo koni hubaki bila kizuizi, ikaweza kuharibika. Hesabu hizo ziliwekwa wazi na A. N. Thiele wa Australia mwaka 1961, kisha Richard Small akaziendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na siku hizi watengenezaji wengi wa spika hutoa tarakimu zake kwenye karatasi ya maelezo. Spika yetu tuliinunua mkononi mwa mtu, ya inchi 12, ohmu 8, bila ya karatasi yoyote. Kwa hiyo tulichagua kasha lililozibwa, ambalo husamehe makosa. Haraka haraka haina baraka.

Sasa vipimo, kwa anayetaka kujaribu. Tulitumia plaiwudi ya unene wa milimita 18. Nusu ya ubao mzima, yaani kipande cha sentimita 122 kwa 122, inatosha. Kata vipande viwili vya 53.6 kwa 43.6, vya mbele na nyuma; viwili vya 53.6 kwa 35, vya ubavuni. Na viwili vya 40 kwa 35, vya juu na chini, vinavyoingia kati ya mbavu. Nafasi ya ndani huwa 50 kwa 40 kwa 35, yaani lita 70. Pande hizo tatu tumezifanya zisilingane kwa makusudi, kwa sababu kasha la mraba huzidisha mvumo wa aina moja na sauti huwa ya pipani. Tundu la spika usilikate kwa kukisia. Pima spika yako mwenyewe.

Gundi ya mbao ipakwe kila ungio, na parafujo zifuatane kwa sentimita 10, baada ya kutoboa kwanza kwa keekee ili mbao zisipasuke. Ndani tuliweka mhimili kutoka ubao wa mbele hadi wa nyuma. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na kasha lenye kuta zinazotikisika ni debe hilo hilo: huimba wimbo wake badala ya wimbo wa mpigaji. Kuta tulizitandika pamba ya mito ya zamani, tukaifunga vizuri isije ikaigusa koni.

Katika siku hizo kijana aliokota maneno kama kuku aokotavyo mtama: randa, msasa, keekee, parafujo, ungio, mhimili. Siku moja alikosea kukata ubavu, akatutazama akitarajia karipio. Tukamwonyesha ubavu mwingine ulioegemea ukutani, tulioukosea sisi usiku uliotangulia kwa kusoma inchi badala ya sentimita. Alicheka mpaka akakaa chini. Ikatubidi kununua kipande kingine.

Kwa upande wa umeme tuna maonyo matatu. Kwanza, amplifaya husema isiunganishwe na ohmu chini ya kiasi fulani. Litii neno hilo. Spika mbili za ohmu 8 zikiunganishwa sambamba huwa ohmu 4, na zikifuatana huwa 16. Pili, waya wa kutoka amplifaya kwenda kasha uwe mnene wa spika; ule mwembamba wa gitaa haufai kwa kazi hiyo na huweza kupata moto. Tatu, na hili ni kubwa: kasha ni mbao na spika tu, hata mtoto aweza kulifungua, lakini amplifaya usiifungue. Ndani yake umo umeme unaobaki hata baada ya kuchomolewa ukutani, nao huweza kuua. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesomea.

Kasha likakamilika siku ya Jumamosi. Likapigwa uzi mnene, na pamoja na ile sauti nzito tuliyoitamani ikatoka nyingine kama ya nyoka: fsss, fsss. Hewa ilikuwa inavuja. Tukapapasa kila pembe kwa viganja, hatukuona kitu. Tukapaka gundi tena, tukangoja siku nzima, ikarudi ile ile. Kijana akaanza kunyamaza kwa namna tuliyoiona wiki za baada ya harusi, na sisi tukaingiwa na hofu kwamba tumemwongezea aibu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Aliyetutoa ni bibi yake. Alikuja na chai, akasikiliza, akarudi ndani bila ya kusema neno. Alipotoka tena alikuwa na chetezo mkononi, udi unafuka. Akamwambia mjukuu apige, naye akakipitisha chetezo polepole kandokando ya kasha. Moshi ulipanda umenyooka pande zote, mpaka alipofika nyuma, kwenye kibati cha kuchomekea waya. Hapo moshi ukaruka kwa kila pigo. Sisi tuliofundisha fizikia tulikuwa tumeziba viungo vyote tukakisahau kibati.

"Bibi, hapo hapo! Usiondoke, kishike hapo!" Aliyasema yote hayo kwa Kiswahili, na sharti lilikuwa letu sisi na yeye, bibi hakuambiwa habari zake. Yule mama akakishika chetezo kama alivyoamriwa, wala hakugeuka kututazama. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kilitosha kukiziba kibati.

Mwezi uliopita vijana walipiga katika walima, na kasha lilisimama nyuma yao. Si zuri kwa sura. Rangi yake nyeusi ina matone, na pembe moja imepinda. Lakini uzi mnene ulisikika hadi upande wa akina mama, na nyimbo tatu zikawa tano. Ukweli tuuseme: halina nguvu ya makasha makubwa ya dukani, na katika ukumbi mpana litahitaji mwenzake. Jirani zetu nao wana haki yao, kwani sauti nzito hupenya kuta ambazo sauti nyembamba haipenyi. Tumepatana na bibi wa nyumba ya pili kwamba kijana hufanya mazoezi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, na hapigi siku ambayo mama huyo ana wageni.

Hatudai kwamba kijana sasa amekuwa mshairi wa Kiswahili. Akichoka bado hukimbilia Kiingereza. Lakini jioni moja moja huenda jikoni kumuuliza bibi yake maana ya maneno ya wimbo, na akifika huko hukawia.

Anayetaka mchoro wa kasha na amwambie mhariri, tutamtolea nakala. Mwenye randa ya zamani isiyotumika pia atuambie, kwani vijana wawili wengine wameomba kujifunza na zana zetu ni chache. Methali za wavuvi tutazirudia mwezi ujao, inshallah.

Wabillahi tawfiq.