Kilichokoma Si Mashine

Mwandishi aliyetushauri wakazi wa Germantown tupeleke kompyuta zote za zamani kituo cha taka cha Shady Grove, eti kwa kuwa Windows 10 ilifikia kikomo Oktoba 14, 2025, amechanganya mambo mawili. Kilichokoma ni huduma ya kawaida ya Microsoft, si mashine. Vipimo vya ATX, vinavyolinganisha makasha na mbao mama za kompyuta, vipo tangu 1995. Kasha la ATX la 2010 linapokea ubao mama wa leo, na feni zake na diski za SATA zinaendelea na kazi. Kweli, RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na pawa saplai iliyochoka haifai kuaminiwa. Hiyo nunua mpya, tena usibane pesa. Lakini kumwambia mzazi aliyetoka Tanga au Mombasa, mwenye watoto watatu wa shule, atupe kila kitu, ni kumtwisha gharama bila sababu. Prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, iliyokataliwa na Windows 11, inaendesha Linux Mint vizuri ukiiwekea SSD. Mwandishi atuonyeshe ni kazi gani ya shule itakayoshindikana humo.