Kuna Kingine Kama Hiki?

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu,
Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA ORODHA YA VITABU VYA KUSOMA KILA MWEZI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwulize kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne huku Bara amesoma hadithi gani za Kiswahili. Atakutajia Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, pengine Joka la Mdimu, na upande wa tamthilia Kilio Chetu au Ngoswe. Aliyefika kidato cha sita ataongeza Mfadhili cha Hussein Tuwa na Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi. Ukimwomba aendelee, ananyamaza. Tumezoea kuhitimisha hapo kwamba vijana wetu hawapendi kusoma. Mimi siamini. Nimewasikia watu wazima, wenye kazi na watoto, wakibishana kwenye daladala kuhusu vitabu hivyohivyo vya mtihani, wakikumbuka majina ya wahusika na nani alimtenda nani. Walivipenda. Ila siku walipofunga cha mwisho hapakuwa na mtu wa kumwuliza swali ambalo kila msomaji duniani huuliza: kuna kingine kama hiki?

Kipo, tena si kimoja. Aliyekesha na Mfadhili angeweza kupewa Mkimbizi, cha mwandishi yuleyule. Akikimaliza apelekwe kwa Elvis Musiba na Willy Gamba wake, kisha kwa Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, kisha arudishwe nyuma kabisa hadi kwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau, na visa vingine vya mpelelezi wake, Bwana Msa, vikafuata. Huo ni ukoo mzima wa hadithi za kusisimua na za upelelezi, wa zaidi ya miaka 60, katika lugha anayoiota usiku. Na kijana wa Sumbawanga anadhani ukoo huo una mtu mmoja, yule aliyekuja kwenye mtihani.

Nakuandikia wewe, si Wizara wala wachapishaji, kwa sababu habari zote hizi zinapita mezani kwako. Mchapishaji akitaka namba ya ISBN anakuja kwenu. Kitabu kikishachapwa nchini, sheria inamtaka alete nakala kwenu. Bibliografia ya Taifa mnaitayarisha ninyi. Chuo cha Bagamoyo kinachofundisha wakutubi kiko chini yenu, na maktaba za mikoa ni zenu. Sioni ofisi nyingine nchini inayoweza kujua, bila kutoka nje, ni nini kimeandikwa na kiko wapi.

Bibliografia naiheshimu. Ila ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayejua tayari anachokitafuta. Inasema kitabu kipo, kina kurasa ngapi, kimetolewa na nani, mwaka gani. Haisemi kama kinachekesha. Haimwambii mama mwenye duka kwamba sura mbili za mwanzo zinachosha lakini ya tatu hataiacha. Kwa habari za namna hiyo anahitajika mtu aliyesoma, na katika maktaba zetu mtu huyo, akiwepo, hajaambiwa kwamba kusema ni sehemu ya kazi yake. Niliwahi kuingia maktaba moja, sitaitaja, nikaomba kitu kizuri cha kusoma. Mhudumu alinitazama kwa upole akauliza, "Cha somo gani?" Simlaumu. Ukumbi wote ulikuwa wa wanafunzi na madaftari yao, kila mmoja amekuja na kitabu chake kutoka nyumbani ili apate meza na utulivu.

Ombi langu ni karatasi moja kwa mwezi. Vitabu kumi vya Kiswahili, vipya na vya zamani vikichanganywa, kila kimoja kwa sentensi tatu au nne zilizoandikwa na mkutubi aliyekisoma mpaka mwisho, akaweka jina lake chini. Si maneno ya jalada la nyuma. Hayo kila kitabu kinayo na yote yanafanana. Chini yake liwekwe jina la mchapishaji, bei, mahali kinapouzwa, na maktaba za mikoa zenye nakala. Karatasi hiyo ibandikwe mlangoni mwa kila maktaba, ipelekwe mashuleni na ofisi za kata, isomwe redio za jamii, na itumwe WhatsApp kama picha na kama ujumbe wa sauti, maana wapo wanaopenda kusikia kwanza ndipo wasome.

Nisieleweke kwamba naomba uhakiki wa chuo kikuu. Nina maana ya kitu kama hiki, nikianza na hichohicho cha Bwana Msa:

"Tajiri mwenye shamba anakutwa ameuawa penye mzimu, na watu wengi wako tayari kuiachia mizimu lawama. Bwana Msa, mtu wa kiko na maswali, hayuko tayari. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, kurasa za kwanza zitakusumbua, vumilia. Kama ulipenda Mfadhili, hiki kitakupendeza kwa sababu nyingine kabisa."

Basi. Mtu akisoma hayo anajua kama anakitaka au hakitaki, na vyote viwili ni faida.

Sasa kuhusu WhatsApp, kwa sababu najua neno hilo linawakwaza walioko kwenye biashara ya vitabu. Yapo makundi ambamo mtu huandika saa nne usiku, "Naomba PDF ya Rosa Mistika," na kabla hajaweka simu chini ameshatumiwa. Ni wizi. Mwandishi hapati hata senti, na mchapishaji aliyehatarisha fedha zake anabaki na maboksi stoo. COSOTA, wanaosimamia hakimiliki, wana haki ya kukasirika. Lakini soma mazungumzo yanayofuata baada ya faili kutumwa. Mmoja anasema alilia. Mwingine anasema mwandishi wake, Kezilahabi, alikuwa mkali mno kwa Rosa. Wa tatu anauliza kama Kichwamaji, kitabu chake kingine, kinasomeka au ni kigumu, na anajibiwa na watu wanne wasiokubaliana. Kazi ambayo hakuna ofisi inayoifanya inafanyika pale, bure, na watu wasiojuana sura. Wanaoiba kwa makusudi wapo. Lakini wengine, nadhani wengi, wamekwenda pale kwa sababu ndiyo mlango pekee wanaoujua. Mtu huyo hajawahi kuambiwa kitabu kinauzwa wapi na kwa bei gani, wala kwamba muuzaji wa Dar es Salaam anaweza kukifungasha na kukipakia kwenye basi la mkoani kikamfikia kesho yake.

Ushahidi kwamba watu wanataka kuambiwa tuliuona Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel. Ghafla swali likawa moja: vitabu vyake vinapatikana wapi, na je, vipo kwa Kiswahili? Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ningependa kujua ni wangapi kati ya waliouliza mwaka 2021 walipata habari kwamba jibu limefika. Swali liliulizwa kwa kelele, jibu likaja kwa kunong'ona. Hali ni hiyohiyo kwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Siku ya tuzo tunaona suti, hotuba na hundi. Kitabu chenyewe kinapokuja kuwa kitabu, kamera zimeshaondoka. Hapo ndipo karatasi yenu ingekuwa na kazi.

Naziona hoja zitakazotolewa dhidi ya ombi hili kikaoni, na moja naiheshimu kuliko zote: mkiwaambia watu elfu moja wa Tabora kwamba kitabu fulani ni kizuri, na maktaba ya Tabora ina nakala moja, mmewatendea nini? Mmewatia hamu mkawanyima chakula. Jibu langu ni kwamba hamu hiyo ni kitu chenye thamani na kinaandikika. Wekeni daftari la wanaosubiri. Watu arobaini wakiandika majina yao kusubiri nakala moja, mnayo hoja ya bajeti yenye nguvu kuliko andiko lolote la mradi, na mchapishaji anayo sababu ya kuchapa tena kitabu kilichokwisha. Leo hamwezi kumwonyesha mtu yeyote kwamba kitabu hicho kinatakiwa, kwa sababu asiyejua kama kipo hawezi kukiulizia.

Hoja ya pili ni ya upendeleo: taasisi ya umma itasifuje kitabu cha mchapishaji mmoja na kuacha cha mwingine? Ndiyo maana nimesema mkutubi aweke jina lake. Maoni yawe yake, mwezi huu wa Mtwara, mwezi ujao wa Bukoba. Na aruhusiwe kusema kitabu hakikumfurahisha. Orodha inayosifu kila kitu haiaminiki na mtu yeyote. Ya tatu ni fedha, na kwa karatasi moja sitaijadili. Kwa upande wa visiwani, najua wana Shirika lao la Huduma za Maktaba. Lakini Shafi, Gurnah na Muhammed Said Abdulla wote walizaliwa huko, hivyo orodha isiyozungumza na Unguja na Pemba itakuwa na mapengo makubwa.

Taasisi yako imewahi kufanya makubwa kuliko haya. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu tarehe 9 Desemba 1967, na miaka michache baadaye, wakati wa kampeni ya elimu ya watu wazima, maktaba ndogo zilipelekwa vijijini kwa hoja iliyo wazi: mtu aliyefundishwa kusoma akakosa cha kusoma, atasahau. Hoja ile bado ni ya kweli kwa kijana wa kidato cha nne, ingawa yeye hasahau herufi. Anachosahau ni kwamba aliwahi kukesha na kitabu.

Naomba orodha ya kwanza itoke tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo kwa kawaida tunaimaliza kwa makongamano. Ikiwa watumishi wako wana shughuli nyingi, tangazeni kwamba mnapokea sentensi tatu tatu kutoka kwa wasomaji, nanyi mchuje. Zangu nimeshaziandika hapo juu na mnaweza kuzitumia bila malipo. Nikipewa nafasi nitaongeza za Kuli cha Shafi Adam Shafi, maana nina ugomvi kidogo na sura zake za mwisho.

Naomba kuwasilisha.

Msomaji,
Morogoro.