Marigoldi ipewe tuta zima

UWANJA WA NYUMBANI
Na Mwanaidi Kombo

Ng'oa mche wa nyanya uliodumaa, ule unaonyauka saa saba mchana ingawa uliumwagilia asubuhi, kisha uoshe mizizi yake kwenye ndoo. Ukiikuta imevimba vinundu kama tangawizi changa, usikimbilie mbolea. Hao ni minyoo fundo, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi udongoni na kushambulia mizizi ya nyanya, bamia, biringanya, karoti na hata mchicha. Vinundu vya maharage ni vya faida na hubanduka kwa ukucha. Vya minyoo havibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba.

Wengi tumeshaambiwa tiba yake: panda marigoldi, yale maua ya njano na ya rangi ya chungwa yenye harufu kali, ambayo asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ushauri huo ni wa kweli, lakini tunautekeleza nusunusu. Tunachomeka miche miwili mitatu pembeni mwa tuta, nyanya zinaendelea kudumaa, halafu tunasema maua hayana kazi.

Mizizi hai ya marigoldi ina kemikali iitwayo alfa-tathienili, ambayo ni sumu kwa minyoo hao. Sumu hiyo haisambai mbali. Inafanya kazi pale mzizi ulipopita. Mche wa pembeni unasafisha pembeni tu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba marigoldi ipandwe kama zao la zamu, tuta zima, kabla ya nyanya. Miche iachane kama sentimita 20, ikae miezi 2 hadi 3, kisha ikatwe na kufukiwa palepale. Katika muda huo palilia bila kuchoka, hasa mnavu, kwa kuwa minyoo huendelea kuzaana kwenye mizizi yake.

Najua swali la mama mwenye matuta mawili nyuma ya nyumba: nyanya nitazipanda wapi miezi yote hiyo? Kwa sisi wa Pwani, Tanga na Morogoro, jibu ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei mvua huleta ukungu unaoozesha nyanya, na matuta mengi hubaki na magugu tu. Huo ndio wakati wa marigoldi. Juni ikifika, tuta liko tayari kwa nyanya za kipupwe.

Faida haziishii ardhini. Petali zilizokaushwa, zikichanganywa kwenye chakula cha kuku, hukoleza unjano wa kiini cha yai. Mbegu nazo ni za bure: acha ua likauke kwenye shina, lichambue, hifadhi mbegu kwenye bahasha mahali pakavu.

Marigoldi haimalizi minyoo wote, inawapunguza, kwa hiyo zamu hiyo irudiwe. Ichunguzwe pia chini ya majani, maana utitiri huipenda.

Mabwana shamba na bibi shamba, mnapofundisha bustani za nyumbani na za shule, acheni kusema "panda maua pembeni". Semeni tuta zima, miezi miwili au mitatu, kabla ya nyanya. Nawe msomaji, anza kukusanya mbegu sasa, masika yasikukute mikono mitupu.