Rafiki Anapotaka Motokaa ya Kale

Shuleni tulifundishwa hesabu, jiografia, na jinsi ya kuandika barua ya kuomba kazi. Lakini hatukufundishwa jinsi ya kumwambia rafiki "La" wakati moyo wake umekwisha sema "Ndiyo". Jambo hilo nimejifunza ukubwani, na lililonifundisha ni motokaa moja kuukuu. Naona yafaa niwaeleze, maana siku moja nanyi mtaombwa na rafiki, "Twende ukanitazamie."

Mimi nakaa Rubona, mwendo wa kilomita chache kusini ya mji wa Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu. Waliopata kufika huku wanapajua: ziwa Kivu, mitumbwi ya wavuvi, chemchemi za maji ya moto, na kiwanda cha bia ambacho malori yake hupita barabarani mchana kutwa. Rafiki yangu ni mwalimu aliyestaafu. Alipokuwa mtoto mdogo, mama yake aliugua usiku, na padre mmoja akampeleka hospitali katika Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo, ile ambayo wazee wa hapa huiita Gikeri, yaani chura. Mama akapona. Tangu siku hiyo Mwalimu alijiahidi kwamba akipata fedha atanunua motokaa ya namna ile. Ilimchukua miaka zaidi ya hamsini kuzipata. Akaja kwangu, kwa kuwa ujanani nilifanya kazi gereji, akasema, "Ndugu yangu, nitafutie ya kale, lakini iwe inayoendeka. Sitaki sanamu ya kuweka uani."

Wako waliomcheka. Walisema, "Mzee huyu amepotewa na akili. Kwa fedha hizo angepata Toyota iliyo changa." Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyefundisha watoto wa wenzake maisha yake yote ana haki ya kupenda kitu kimoja ambacho si cha lazima. Tena kitu chenyewe si cha kudharauliwa. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mashindano ya East African Safari kwa Volkswagen ya namna hiyo hiyo, katika matope na vumbi la nchi zetu. Na kiwanda cha mwisho kilichoitengeneza, cha Puebla katika Mexico, kiliendelea hadi mwezi wa Julai 2003, baada ya kutoka zaidi ya milioni ishirini na moja duniani. Kwa hiyo vipuri vyake bado hutengenezwa, na hilo ni jambo kubwa kwa mnunuzi. Motokaa ya kale isiyo na vipuri ni kama saa isiyo na ufunguo: utaitazama tu.

Basi neno langu la kwanza ni hili: usimcheke rafiki kwa anachokipenda. Kazi uliyopewa ni kumsaidia asije akalia kwa ajili yake.

Kutafuta kwenyewe si kwepesi. Kenya, Uganda na Tanzania zimejaa motokaa za zamani, lakini huko watu huendesha upande wa kushoto, na usukani uko kulia. Sisi Rwanda twaendesha upande wa kulia, na tangu mwaka 2005 serikali ilizuia kuingiza motokaa ndogo zenye usukani wa kulia. Kwa hiyo kila mara Mwalimu aliponionyesha picha nzuri kutoka Nairobi katika simu yake, ilinibidi nimwulize, "Usukani uko wapi?" naye hunyamaza. Tulibaki na zile zilizokuwamo nchini tangu zamani, na zile za kwa jirani zetu wa Kongo na Burundi, ambao nao huendesha upande wa kulia.

Mwishowe tuliipata moja, katika banda nyuma ya nyumba ya bwana mmoja. Ilikuwa ya buluu, imepakwa rangi mpya, inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Mwalimu aliiona akasimama mlangoni asiweze kusema. Nilimwona machozi yanamlengalenga. Wasomaji, hapo ndipo hatari inapoanza. Mnunuzi akishapenda, macho yake hayaoni tena. Na kwa sababu hiyo ndiyo alikuchukua wewe uende naye. Ukipenda pamoja naye, mmekwenda vipofu wawili.

Niligusa injini kwanza. Ilikuwa ya moto. Mwenyewe alikuwa ameiwasha kabla hatujafika. Hii si dhambi, lakini injini mbovu huficha mengi ikiwa ya moto, na ndiyo maana yafaa umwambie mwenye mali mapema, "Tafadhali usiiwashe mpaka tufike." Kisha nikaizima, nikashika gurudumu lile la chini ambalo huzungusha mkanda, nikalivuta na kulisukuma. Likacheza mbele na nyuma. Maana yake chuma cha ndani kimekulika, na siku si nyingi injini itafunguliwa yote. Nikainua kiti cha nyuma, mahali ambapo betri hukaa. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, na juu yake mtu amebandika bati na kupaka lami. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu hakuziba ufa, aliupaka rangi.

Hata hayo yote yangeweza kutengenezwa. Kutu hukatwa, injini hufunguliwa, na mpira wa petroli uliozeeka, ambao waweza kuvuja juu ya injini ya moto na kuunguza gari zima, hubadilishwa kwa fedha kidogo. Ningemwambia Mwalimu, "Punguza bei, tutaitengeneza pole pole." Lakini chini ya kiti hicho cha nyuma, katikati, ndipo namba ya gari hupigwa katika chuma. Nikaipangusa, nikaisoma. Nikaomba kadi ya njano, ambayo ni cheti cha motokaa. Namba hazikufanana.

Nikamwuliza yule bwana sababu. Akacheka, akasema, "Mzee wangu, hayo ni makaratasi tu. Makaratasi hutengenezwa." Nikamshika Mwalimu mkono nikamwambia, "Twende nyumbani."

Hakutaka kwenda. Alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini, "Miaka hamsini nimengoja. Namba ni namba tu. Nani atainua kiti?" Nilimjibu kwamba polisi katika ukaguzi watainua. Lakini hilo halikuwa jibu langu la kweli, na nikaona aibu kulitanguliza. Jibu langu la kweli ni hili.

Sisi tunaokaa mpakani hapa tumeona watu wakikimbia mara nyingi. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliuawa na mali zao zikachukuliwa. Na mwezi wa Julai mwaka huo umati mkubwa ulivuka kuingia Goma, na motokaa nyingi zikavuka pamoja nao. Mwezi wa Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, na mwezi wa Mei 2021 mlima ukatema tena. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Goma. Kila mara wako walioondoka na nguo walizovaa tu. Kwa hiyo, katika nchi yetu hii, motokaa isiyojulikana ilitoka kwa nani si swali la makaratasi. Huenda ni ya mjane. Huenda ni ya yatima ambaye hana kitu kingine cha baba yake. Huenda pia haina neno lolote, ni fundi tu aliyeunganisha gari mbili kuwa moja. Lakini asiyejua hana haki ya kukisia kwa upande unaompendeza.

Nikamwambia, "Mwalimu, wewe waipenda motokaa hii kwa sababu ilimwokoa mama yako. Je, utaipanda kwa furaha ukifikiri labda kuna mtu mwingine ambaye anaikumbuka kwa namna hiyo hiyo, na hakupewa nafasi ya kuiuza?"

Hakunijibu. Tulirudi Rubona katika basi, yeye akitazama dirishani. Alikaa majuma mengi bila kuja kwangu, na nilipompita sokoni alinisalimu kama mtu anavyomsalimu karani wa posta. Nawaambia haya msidhani kwamba ukisema kweli utashukuriwa jioni ile ile. Nilianza kujiuliza kama nimempoteza rafiki kwa ajili ya chuma.

Kisha alikuja asubuhi moja. Alikuwa amesikia habari za mama mmoja, mjane, aliyekuwa na gari la marehemu mumewe. Tukaenda. Hii ya pili haikuwa na uzuri wowote. Rangi ilikuwa imepauka, bawa moja limebonyea, na viti vimechanika. Lakini ilikuwa ya baridi, na iliwaka kwa mara ya pili bila moshi wa buluu. Gurudumu la chini halikucheza. Sakafu ilikuwa na kutu ya juu juu tu, na waweza kuigonga kwa bisibisi isitoboke. Mama akaleta bahasha kutoka kabatini: kadi ya njano, risiti za kodi, hata karatasi za fundi wa zamani, zote kwa jina la mumewe, pamoja na karatasi ya mirathi iliyompa yeye haki ya kuuza. Namba zikafanana, moja moja, Mwalimu akizisoma kwa sauti kama anaita majina ya darasa.

Tuliijaribu. Tulipita Gisenyi tukapanda kilima mpaka Nyundo, kisha tukashuka kwa gia kusudi tusichoshe breki. Njiani nilimfundisha jambo moja ambalo kila mwenye gari hilo lazima alijue: injini yake haina maji, hupozwa kwa upepo, na mkanda mmoja huzungusha dinamo na feni pamoja. Taa nyekundu ya dinamo ikiwaka, simama papo hapo. Huenda mkanda umekatika, na ukiendelea utaiua injini. Alilirudia mara tatu, kama tulivyokuwa tukirudia jedwali la kuzidisha.

Akainunua. Sasa kila Jumapili utaiona inapita polepole kando ya ziwa, na nyuma yake lori la bia linapiga honi. Rangi bado hajaipaka. Asema ataipaka pensheni ikiruhusu.

Kwa hiyo, vijana, nawashauri hivi. Rafiki akikuomba umtafutie kitu, iwe motokaa, shamba au nyumba, mwulize kwanza fedha zake zinafika wapi, nawe uache sehemu moja ya tatu mfukoni kwa matengenezo, maana cha kale hakikosi madai. Nenda mchana, mvua isiponyesha, maana maji huficha makovu ya rangi. Tazama chini kabla ya kutazama juu. Soma namba wewe mwenyewe. Uliza ilitoka kwa nani, na kabla ya huyo kwa nani. Na jibu likikosekana, ondoka, hata rafiki akikasirika.

Wako watakaosema kwamba mimi nimezidi ukali, na kwamba katika soko letu hakuna anayepata kitu kisicho na doa. Huenda. Lakini nimeona kwamba hasira ya rafiki hupoa kabla ya deni lake kulipwa, na hupoa mapema zaidi kuliko majuto ya mtu aliyepanda juu ya mali ya yatima. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tulisema sote darasani. Mimi naongeza kwamba dhiki nyingine huja imepakwa rangi ya buluu, inang'aa, na wewe ndiye peke yako uliyeinua kiti.