Mtani Wako Akifiwa

Jeneza lilipotaka kutoka, mtu mmoja alijilaza kizingitini. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu, huku akikiiga kikohozi chake ambacho mtaa mzima tulikijua. "Hatoki mtu hapa! Huyu nina deni naye!" Wafiwa, macho mekundu kwa kulia, wakaangua kicheko. Ikatolewa noti ya elfu tano, njia ikafunguka.

Mimi Mchaga, mpangaji mgeni pale Magomeni, nusura nimkwide. Jirani akanishika mkono: "Mwache, baba. Huyo Mnyamwezi, mtani wetu." Marehemu alikuwa Mzaramo. Makaburini nilimwona yule yule na chepe mkononi, amelowa jasho, mzaha umemwisha. Usiku ndiye aliyekuwa akichota maji ya jikoni.

Humkumbuka kila ninapowasikia viongozi wetu wakihimiza "kuvumiliana". Neno hilo halijanikaa vizuri hata siku moja. Kinachovumiliwa ni jino bovu, au joto la Februari hapa Dar es Salaam. Sipendi jirani yangu awekwe fungu hilo. "Kuchanganyika" nako kuna madai yake: kila mmoja aache kidogo cha kwao mpaka tusijuane nani ni nani. Na "kuishi pamoja" hakusemi kitu. Hata panya wa darini naishi nao pamoja.

Neno tunalo siku nyingi. Ni utani.

Karne ya 19 Wanyamwezi waliteremka kutoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya miezi, pembe za ndovu mabegani, na njia yao ilikatiza Uzaramo. Mpagazi aliyeugulia huko hakuwa na shangazi wa kumuuguza wala mjomba wa kumzika. Ilibidi mwenyeji ashike kazi ya ndugu bila kuwa ndugu, na Mzaramo aliyepanda bara naye alihitaji wa kumpokea. Wahehe na Wangoni waliufikia utani kwa njia chungu zaidi: walipigana vikali kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, na leo wajukuu wa maadui wale ni watani. Hakuna aliyeambiwa abadili kabila. Wangefanana, wangetaniana kwa lipi?

Ninachoomba tukitazame ni mpangilio. Kwanza maji na kaburi, kisha mzaha. Ruhusa ya kukuvalia kofia ya baba yako mbele za watu inatokana na kwamba nitakuja kukuzikia.

Siku hizi tumebaki na nusu ya pili. Magazeti huwaita Simba na Yanga "watani wa jadi", klabu mbili za miaka ya 1930 zilizokulia Kariakoo, na Jumatatu baada ya mechi kijiweni hakukaliki. (Timu yangu siitaji. Wiki hii si nzuri.) Hilo halina ubaya. Linalonitia shaka ni makundi ya simu, ambamo kabila fulani linachambuliwa kuanzia asubuhi hadi jioni na watu ambao hawajawahi kukanyaga msiba wake. Tena "ni utani tu" imekuwa kinga ya kumkejeli asiye mtani wetu kabisa: mkimbizi kutoka Burundi, mtoto mwenye ualbino, dada wa kazi mwenye lafudhi ya kwao. Hao wakijibu wanaambiwa hawana adabu. Mtani hujibu, tena kwa sauti kubwa kuliko yako.

Nami simo nje ya lawama hii. Watani wetu Wachaga ni Wapare. Ninaye mwenzangu kazini, Mpare, miaka sita namwambia kwamba kwao mtu huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Mwezi uliopita alifiwa na mama yake. Nilimtumia pole kwa simu, nikachomeka na kamzaha, nikarudi kwenye shughuli zangu. Hakujibu.

Basi ndugu msomaji, fanya hivi. Waulize wazee wa kwenu watani wako ni akina nani, na walianzaje; wengi wa umri wangu tunajua vichekesho bila kujua chanzo. Akifiwa mmoja wao, nenda. Usipeleke bahasha tu, kashike chepe au ndoo. Na kama ngazi moja na wewe anaishi mtu ambaye mababu zenu hawakuwahi kukutana, Mhindi wa Upanga, Mkongo aliyehamia juzi, kumbuka kwamba wale wa njia ya Bagamoyo nao walikuwa wageni tupu. Anza na maji. Mzaha usiharakishe, siku moja yeye mwenyewe ataurusha.

Arobaini ya yule mama ni Jumamosi hii, kwao Usangi. Nimeshakata tiketi ya basi, nikamwandikia mwenzangu anipangie kazi yoyote, hata ya kuosha masufuria. Jana usiku, baada ya kimya cha wiki tano, akanijibu:

"Njoo, Mchaga. Ila daftari la michango hutalishika wewe."